Mrudishaji

Jumanne, tarehe 3 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Najua umeipindua bahasha mara mbili ukitafuta nani ameandika. Ni mimi, usiogope, hakuna aliyekufa. Hapa kazini simu zetu zinabaki kwenye sanduku mlangoni tunapoingia, na barua pepe zetu zinasomwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona sura. Nikakumbuka kwamba hata hiyo zahanati yako ya wajawazito haitaki simu, nikasema basi, sanduku la posta ulilonipa lifanye kazi yake. Humu navunja kiapo changu cha kazi, kwa hiyo ukimaliza kuisoma barua hii itumie kuwashia moto wa chai.

Uliwahi kuniuliza nafanya kazi gani hasa, nikakujibu "kompyuta", ukacheka mpaka ukapaliwa. Ngoja nikueleze vizuri, maana nimeona kitu ambacho nisipomwambia mtu nitapasuka.

Mimi nafuatilia sarafu za mtandaoni. Mtu akiibiwa, anakuja ofisini kwetu, nami naanza kuzifuata zilikokwenda. Kila sarafu inayotumwa inaandikwa kwenye kitabu kimoja ambacho kiko wazi. Hakina mwenye duka wala meneja. Nakala zake zimekaa kwenye kompyuta zisizo na idadi, kila mtu anaruhusiwa kusoma, na hakuna anayeweza kufuta hata nukta. Kitu kimoja tu hakimo humo, nacho ni jina. Palipostahili jina pana anwani, yaani msururu wa herufi na tarakimu zisizo na maana, na mtu anaweza kujifungulia anwani mpya kila akijisikia.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa ghorofa ya juu kabisa, Mama akitutuma kuanua nguo? Tulikuwa tunaona kamba za mtaa mzima. Pale kuna nepi, maana yake mtoto amezaliwa. Pale kuna sare mpya, mtu kapata kazi. Tulijua habari zote na hatukujua nguo ni za nani. Ndivyo kilivyo hicho kitabu, Dada, ila kamba zake hazina mwisho. Nimekaa nacho miaka na bado kuna asubuhi nakifungua natulia kama mtu aliyeingia mahali pa ibada.

Sasa kuna mteja, mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Anasema kaibiwa na mtu wa ndani kwake aliyetoroka. Amelipa vizuri mpaka Miwani, bosi wangu, anampokea mwenyewe mlangoni. Nikafuata sarafu zake. Sehemu ya sarafu hizo ikafika kwenye anwani moja, na hapo nikakutana na ajabu. Ile anwani ilipopokea, ilirudisha kidogo kulekule zilikotoka. Asilimia mbili. Nikadhani ni makosa. Nikatafuta anwani nyingine zenye tabia hiyo, nikazipata, nyingi tu, zimetawanyika. Zote zinapokea, na zote zinarudisha asilimia mbili kwa aliyetuma.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa dawati akaniuliza kulikoni. Maana nilimwona Mama. Sahani ya jirani ikija na chakula, kwetu haikurudi tupu hata siku moja. Kama hakuna kitu ndani, Mama alifunga chumvi kwenye kipande cha karatasi akaiweka juu ya sahani. Nikajisemea, huyu mtu wa kwenye kitabu kalelewa na Mama. Nimempa jina, namwita Mrudishaji.

Na Mrudishaji kanipa njia. Kama tabia ni moja, mkono ni mmoja. Hata akifungua anwani elfu, tabia yake itamuumbua. Miwani kafurahi sana. Ameniahidi kwamba njia hii ikifanikiwa kwa mteja, ataniruhusu niitumie kwa yule aliyemlia Mama mafao yake kwa sarafu hizihizi. Unamkumbuka, yule mwenye sauti tamu, aliyemwita Mama "mzazi wangu" huku akimsafisha. Naye ana tabia zake. Nimeshaziunganisha anwani zake kadhaa, bado ruhusa tu. Nataka nimpeleke Mama siku moja mahali, nimwambie, huyu hapa, mtazame usoni.

Salamu kwa watoto wote unaowatoa duniani.

Mdogo wako,
Kitindamimba

*

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua imefika, imenikuta naosha vyombo, nikaisoma na mikono yenye povu. Sikujua kwamba una maneno mengi hivyo. Utotoni tulikuwa tunakuvuta neno kama jino.

Mimi sijambo. Hapa kazi ni ileile, wanakuja, wanazaa, wanalala, wanaondoka. Matroni wetu kanunua kengele mpya ya mlangoni na sasa kila mtu anashtuka ikilia.

Hiyo habari ya kitabu imenikaa kichwani. Ina maana lililoandikwa humo haliondoki kabisa? Hata mtu akijuta?

Nikuulize kitu, kwa udadisi tu. Huyo mteja wenu wa vipuri, akija ofisini huwa anauliza nini? Anauliza kiasi alichoibiwa kimefika wapi, au anauliza mtu yuko mji gani? Na ni mtu mzima au kijana? Ana kovu lolote mkononi? Naona nimekuwa mpelelezi kuliko wewe. Ni uchovu.

Kama inawezekana, usiharakishe hiyo kesi. Wewe mwenyewe ulikuwa unasema kazi ya haraka ni kazi ya kurudiwa. Nijibu mapema.

Dada yako

*

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Dada,

Shikamoo. Umenichekesha na kovu lako. Ndiyo, analo, kwenye kiganja cha kulia, anasema bati lilimkata. Umebahatisha tu au mmeanza kupiga ramli huko zahanati?

Lakini kuhusu kiasi umenigusa, maana hata mimi nimeona. Hajawahi kuuliza kiasi. Nilimwandalia jedwali zuri la kila sarafu ilivyokwenda, akalisukuma pembeni kwa kidole. Alisema, "Kijana, mimi nataka mji na mtaa." Miwani akaniambia matajiri ndivyo walivyo, heshima kwanza.

Kuharakisha tayari nimeharakisha. Ripoti nimeikabidhi jana. Mrudishaji nimempata. Moja ya anwani zake ilinunua magodoro kwenye duka kubwa la mtandaoni, na duka lile, tofauti na kitabu, linaandika jina la mji na mahali mzigo uliposhushwa. Ni mji wa njia panda ya reli, jengo la ghorofa moja, geti la kijani. Kwa hiyo aliyepokea mali ya mteja yuko hapo, au waliopo hapo wanamjua. Miwani anamkabidhi mteja ripoti Ijumaa ijayo, kwa mkono wake, na watapiga picha.

Unajua nilivyojisikia nilipoona lile geti kwenye picha za ramani ya mtandaoni? Miezi yote hiyo naangalia herufi na tarakimu, halafu ghafla kuna geti, na juu ya ukuta kuna taulo limeanikwa. Mtu kabisa. Nilitaka kubisha hodi kupitia kioo cha kompyuta.

Sasa la kuniambia nisiharakishe sijalipenda, nikuambie ukweli. Umekuwa hivyo tangu zamani, unaonea huruma watu usiowajua. Lakini kujificha ni kwa nani hasa? Mtu mwema anaficha jina lake kwa nini? Aliyemlia Mama mafao alijificha humohumo. Mama alishona sare za watoto wa watu mpaka vidole vikapinda, na mwenye sauti tamu akavichukua vile vidole vyote kwa wiki tatu, kisha akafunga mlango, na nyuma ya mlango hakuna jina. Nilikuwepo siku Mama alipompigia simu, akaambiwa namba haipo. Hakulia. Alikaa chini akaanza kuchambua mchele uliokwishachambuliwa. Mimi tangu siku ile sina huruma na wenye kujifunika.

Usinune. Nakupenda.

Mdogo wako

*

Jumatano, tarehe 18 Juni

Mdogo wangu,

Barua hii nimempa dereva wetu aipeleke na basi la asubuhi na aikabidhi kwa mlinzi wa ofisi yenu mkononi, kwa sababu posta haitawahi Ijumaa. Kaa chini.

Hapa si zahanati ya wajawazito. Wajawazito wapo, na mimi kweli ni mkunga, sijakudanganya kazi yangu. Ila hii ni nyumba ya kuficha wanawake wanaokimbia kipigo. Wanakuja na nguo walizovaa, wengine bila viatu. Ndiyo maana hatutaki simu, na ndiyo maana sanduku letu la posta liko mji mwingine. Mama hajui. Wewe hukujua. Tuliapa.

Tunaishi kwa sarafu hizohizo. Watu tusiowajua wanatutumia. Tukipokea kwa benki, meneja anajua, karani anajua, shemeji wa karani anajua, na jioni mume wa mtu yuko getini na panga. Mwaka jana ilitokea kwenye nyumba nyingine kama yetu, na sitaki kuandika ilivyoisha. Baada ya hapo Matroni akasema hela yoyote yenye jina haiingii humu.

Mimi ndiye ninayeshika pochi ya mtandaoni, zinamoingia hizo sarafu. Tulifundishwa tufungue anwani mpya kwa kila anayetoa, na tukafanya hivyo. Na mimi, kila ikiingia, narudisha kidogo. Asilimia mbili. Matroni alinigombeza, akasema napoteza, nikamwambia siwezi, mkono wangu haujui kurudisha sahani tupu. Sikujua kwamba nachora sura yangu mwenyewe. Niliposoma barua yako ya kwanza, ile sahani niliyokuwa naosha ilinitoka ikavunjika. Nilidhani ninashukuru, kumbe nilikuwa naacha nyayo, na wa kwanza kuzifuata ni mtoto niliyembeba mgongoni.

Huyo mteja wenu ni mume wa mgeni wetu mmoja. Lile kovu la kiganjani si la bati, ni la chupa aliyoivunja yeye mwenyewe, na upande wa pili wa chupa ile uko kwenye shingo ya mkewe. Jeraha hilo nimelishona mimi. Hakuibiwa kitu. Mkewe ndiye aliyekuwa anauza vipuri mtandaoni, pochi aliifungua yeye, alifanya kazi ile bila mshahara tangu aolewe. Alichukua sehemu, akatupatia sisi kidogo kwa ajili ya wenzake, akabaki na cha kumlea mtoto. Mtoto ana meno mawili. Mama yake bado hawezi kukaa mgongo ukiwa umeelekea mlango.

Sasa sikiliza la pili, kwa sababu hili ndilo limenifanya nisimame katikati ya chumba nikashika kichwa. Sisi hatuna geti la kijani. Hatuko mji wa reli. Magodoro hatujanunua hata moja, tunalalia ya kupewa, na mengine yananuka mikojo ya watoto wa watu. Yule aliyenunua magodoro si mimi.

Na hiyo asilimia mbili sikuianza mimi. Tulipofungua pochi, malipo yetu ya kwanza kabisa yalikwenda kwa mfumaji wa mablanketi, hatumjui, tulimpata hukohuko mtandaoni. Tulipomlipa, kidogo kikarudi. Asilimia mbili. Nilikaa nikaangalia ile namba nikatabasamu kama mjinga, nikasema kumbe yupo mwingine aliyelelewa kama sisi. Nami nikaanza kufanya vilevile.

Wewe uliona sahani inarudi na kitu, ukadhani ni mkono mmoja, kwa sababu nyumbani tulimwona mmoja tu akifanya hivyo. Sasa mtu mwenye kovu anakwenda kubisha geti la watu ambao hawajui kosa lao. Na asipompata mkewe pale, atakuja kukuambia urudie hesabu, na safari ya pili utafika hapa.

Sikuambii ufanye nini. Wewe ni mtu mzima, na mafao ya Mama ni ya kweli. Nimekuambia yaliyopo.

Dada yako

*

Jumatano, tarehe 25 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimekaa siku kadhaa nikiitazama karatasi, na bado sijui nianzie wapi. Nianze na lililo muhimu. Ripoti haikutoka. Mwambie mgeni wako alale.

Mlinzi alinipa barua yako Alhamisi. Niliisomea chooni, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipo na kamera. Nikatoka nikaosha uso, nikarudi kwenye dawati. Nitakuambia ukweli, wazo langu la kwanza lilikuwa kudanganya. Nibadilishe anwani mbili tatu, nimpeleke jamaa nyikani. Kisha nikaona kwamba nikidanganya leo, kesho atakuja mwingine wa kusahihisha, na kitabu kiko wazi kwa kila mtu. Ilibidi nijue ukweli wenyewe kwanza. Nikaanza upya, nikiwa na kile kitu kimoja ulichoniambia, kwamba si wewe uliyeanza.

Dada, sijui nikuelezeje nilichokiona.

Mara ya kwanza nilitafuta wanaorudisha ili niwafunge kwenye furushi moja. Safari hii niliwatafuta mmoja mmoja, nikauliza, huyu alijifunza kwa nani. Nikampata mfumaji wako wa mablanketi. Kabla ya kurudisha, naye aliwahi kurudishiwa. Nikamfuata aliyemrudishia, naye aliwahi kurudishiwa na mwingine. Nikaenda nyuma, nikaenda nyuma tena. Miaka ilikuwa inapita chini ya kidole changu, Dada, nyumba yako haijaanzishwa, mimi sijaajiriwa, na bado kuna mtu anapokea na kurudisha kidogo. Wanaopewa wanaiga, wanakwenda kuwafanyia wengine, na hao wengine wanaiga. Hawajuani. Hawana kiongozi. Hakuna aliyewatangazia. Yule wa magodoro ni bweni la vijana wanaosomea ufundi, mtu kawachangia wapate pa kulala, mlezi wao akarudisha kidogo. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba wewe upo duniani.

Nilimtafuta wa kwanza. Sikumpata. Kila nilipodhani nimefika, nyuma yake kulikuwa na mwingine. Jirani yangu wa dawati aliniuliza kwa nini natoa machozi, nikamwambia ni mwanga wa kioo. Mimi niliyekuwa nasema mtu mwema hana sababu ya kuficha jina, nilikuwa nimezungukwa na watu wema wasio na jina, wengi kiasi kwamba kioo hakiwatoshi, na kazi yangu ilikuwa kuwageuza wote kuwa mtuhumiwa mmoja.

Nikaenda kwa Miwani. Nikamwambia nilikosea, tabia moja haithibitishi mkono mmoja. Akasema basi tusimwambie mteja, kashalipa. Nikamwekea karatasi mezani, nikamwambia akipeleka ripoti ile, watu wasio na hatia watavunjiwa geti, na jina lililo chini ya ripoti ni lake. Miwani si mtu mbaya, ni mtu mwoga, na siku ile uoga wake ulitusaidia. Aliivua miwani akaifuta muda mrefu.

Ijumaa nilisimama mbele ya mteja mwenyewe. Nikamwambia, njia imeishia kwenye umati, na ndani ya umati ule sina uwezo wa kusema nani ni nani. Si uongo, Dada. Ule mkono uliopokea kwake unafanana na mikono mingine yote. Hakugusia mali yake hata hapo. Aliniangalia, akauliza taratibu, "Mtoto je, hamwezi kumwona mtoto?" Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, hata ya huzuni, na ndiyo iliyonitia baridi. Nikasema kitabu hakiandiki watoto. Akaondoka bila kufunga mlango.

Wewe nakuomba uache kurudisha asilimia mbili. Rudisha moja leo, tatu kesho, siku nyingine pita wiki nzima ndipo urudishe. Jichanganye.

Sasa la uchungu. Mwenye sauti tamu nilikuwa nimemfunga kwa njia hiyohiyo, tabia moja, mkono mmoja. Nimeshaandika na kutia sahihi kwamba njia hiyo haifai. Siwezi kuisema haifai kwa mume wa mtu, halafu ikafaa kwa mwizi wa Mama. Kesi yake imefungwa. Ametorokea mlango uleule niliomfungulia mgeni wako. Nimemwandikia Mama nikamweleza yote, na nyumba yako pia, samahani, nisingeweza kumpa nusu ya habari. Nasubiri majibu kama mtu aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Miwani kanihamishia dawati la kupokea malalamiko. Ni pazuri, kuna dirisha.

Mdogo wako

*

Alhamisi, tarehe 3 Julai

Wanangu wawili,

Hamjambo. Naandika moja, ya pili ni fotokopi, kwa sababu macho yangu hayana nguvu ya kuwagombeza mara mbili.

Wewe binti, umenificha jambo miaka yote hiyo. Nikawa nasema kwa majirani mwanangu anazalisha, kumbe unalinda geti. Nimekasirika siku nzima, na jioni nimekata kitambaa nilichokuwa nacho, nimeanza kushona nguo za mtoto mwenye meno mawili. Mtume huyo dereva wenu aje achukue, na asiniambie anakozipeleka.

Wewe mtoto wa kiume, nimesoma barua yako. Umeandika samahani kila mahali mpaka karatasi imeniuma. Mafao yale niliyaota kwa muda mrefu, nilikuwa nimeshapanga mpaka rangi ya mapazia. Sitakudanganya kwamba sioni uchungu. Namtaka yule kijana. Nikimpata nitamuuliza tu, ulipokuwa unaniita mzazi wako, ulikuwa unamwona nani.

Lakini nisikilizeni. Mimi nilitaka mwizi wangu aonekane, na huyo binti mliyemficha asionekane. Mnaniambia kile kitabu hakijui kuwatofautisha. Basi hilo ni la nyie mliosoma kukaa chini mlifikirie, msinitupie mimi nichague, eti mafao au shingo ya mtoto wa mwenzangu. Kama kuchagua ni leo, umechagua sawa. Kesho endelea kumtafuta mwizi wangu kwa njia nyingine ambayo haibomoi mageti ya watu.

Na kuhusu hao watu wengi wanaorudisha. Ile sehemu niliisoma mara tatu. Nilidhani nimebaki peke yangu na chumvi yangu kwenye karatasi, siku hizi sahani zinarudi tupu mpaka nimeacha kuzipeleka. Kumbe wapo, na wala sitawajua. Nilikwenda kusimama dirishani, nikawa naangalia mtaa, kila anayepita najiuliza kama ni yeye.

Mama yenu

*

Jumapili, tarehe 24 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nguo zimefika, zimemkaa kama alipimwa. Mama yake alizinusa kabla ya kumvalisha, akaniuliza zimetoka kwa nani, nikamwambia kwa mtu. Akaitikia kwa kichwa. Jana alikula amekaa mgongo umeelekea mlango, nasi tukaendelea kula, tuliogopa kumshtua.

Mama, nakuandikia kukushukuru kwa jambo lingine, na usikatae, nimekukamata. Wiki mbili zilizopita kuna anwani mpya ilitutumia kidogo, kidogo sana, bei ya vifungo. Nikarudisha sehemu, kwa kuchanganya kama Kitinda alivyoniagiza. Kesho yake, sehemu ya ile niliyorudisha ikarudishwa kwangu. Nami nikarudisha tena. Ikarudi. Imekwenda ikarudi mpaka imekuwa punje isiyoonekana, mpaka Matroni kaja kuniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nilicheka, kisha nikalia, Mama.

Maana hakuna mtu mwingine anayefanya hivyo. Nakumbuka wewe na mama wa mlango wa pili mlivyosumbuana na ile sahani yenye ua la bluu, haikuweza kukaa kwa yeyote, ilikwenda na malimau ikarudi na mayai mpaka sisi watoto tukachoka kuibeba. Nimejua ni wewe. Kitinda kakufungulia anwani kwenye simu yako, sivyo? Hela zako za vifungo ziache, Mama, zinakutosha wewe mwenyewe. Ila nilitaka ujue kwamba nilikutambua, bila jina, bila sauti, umbali wote huu. Nilikutambua kwa mkono.

Binti yako

*

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi nguo zimemkaa. Mwambie mama yake pindo la chini nimeliacha pana makusudi, alifumue mtoto akirefuka.

Barua yako nimeisoma polepole, kisha nikampigia mdogo wako kumuuliza kama amenichezea kwenye simu bila kuniambia. Ameapa hajanifungulia anwani yoyote. Simu yangu yenyewe haina chaji tangu mwezi uliopita, waya wake umekatika, naazima ya jirani. Na hela ya vifungo ninayo hapa mezani, naiona.

Si mimi, mwanangu.

Sijui ni nani. Nimekaa na barua yako mapajani tangu asubuhi, chai imepoa, nimejaribu kumfikiria huyo mtu, ana miaka mingapi, anakaa na nani, simpati. Yule mama wa sahani ya bluu alikufa zamani na hakuwa na watoto.

Mrudishie tena, hata kama ni punje. Huyo amelelewa.

Mama yako